Sanduku la makufuli matatu: Somo la Nakivale kwa wanaorudi nyumbani na wanaovuka mpaka

Na Mwandishi Wetu, Masha

UKITOKA Mbarara kuelekea Isingiro, unaingia Masha kabla hujachoka na safari. Kulia na kushoto ni migomba. Malori yanapakia matoke ya kupeleka Kampala, boda boda zinapita zimebeba magunia ya mahindi na maharage, na kandokando ya barabara utasikia Kinyankole kikijibiwa kwa Kiswahili cha Kongo, Kinyarwanda au Kirundi.

Wengi wa wasafiri hao wanatoka au wanakwenda Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyomo ndani ya wilaya hii hii ya Isingiro, karibu na mpaka wa Tanzania. Wengine ni wachuuzi wa mpakani, na wengine wanafikiria safari ya kurudi walikozaliwa.

Wote hao wanakijua kitu kimoja: sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Ndilo sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa. Funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, na anayelitunza nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Halifunguki mpaka watu wakutane.

Makala haya yanatazama jambo hilo dogo, kwa sababu ndani yake limo somo kubwa kuhusu uongozi, mazungumzo na ushirikiano. Historia ya Nakivale inaonyesha kuwa kila mara ufunguo ulipobaki mkononi mwa mtu mmoja, wanyonge waliumia. Na kila mara watu walipokubali kuketi pamoja, hata kwa shingo upande, maisha yalisogea.

Makazi ya zaidi ya miaka 60

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Uganda ikiwa bado chini ya Waingereza, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Eneo lake linazunguka ziwa linaloitwa pia Nakivale, na limegawanywa katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo.

Baada ya Julai 1994, Wanyarwanda wengi wa kundi hilo la kwanza walirudi kwao. Wakati huo huo Wanyarwanda wengine walikuwa wakikimbilia upande huu. Wakafuata Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Leo kuna kijiji kinachoitwa New Congo, na wakazi wa Nakivale wamepita 100,000 kwa mbali.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini, na kupata huduma za shule na afya. Hupewa pia kipande cha ardhi cha kutumia, ingawa hakiwi mali yake. Ndiyo maana Nakivale haina uzio, na ndiyo maana Masha na Nakivale haziwezi kutengana: soko, zahanati na malisho ni vya majirani wote.

Lakini ujirani huo haukuja wenyewe.

Pale mazungumzo yalipokosekana

Wazee wa Ankole wanaukumbuka Oktoba 1982. Katika wilaya ya Mbarara, ambayo wakati huo ilijumuisha Isingiro yote, watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa majumbani mwao. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Waliosukuma zoezi hilo walikuwa viongozi wa maeneo na vijana wa chama tawala cha siku hizo. Makumi ya maelfu ya watu waliyahama makazi yao. Wengine walikimbilia Rwanda, wengine wakasongamana Nakivale na katika makazi jirani ya Oruchinga. Miongoni mwao walikuwamo raia halali wa Uganda.

Hakuna aliyewaita kuwasikiliza. Jirani aliyekuwa akiazima jembe asubuhi alikuwa adui jioni, kwa kuwa mwenye mamlaka alisema hivyo.

Tukio la pili ni la Julai 14 na 15, 2010. Wanyarwanda waliokuwa Nakivale na Kyaka, ambao serikali ilisema maombi yao ya hifadhi yalikuwa yamekataliwa, walikusanywa na polisi na kupakiwa kwenye malori hadi Rwanda. Zaidi ya watu 1,700 walirudishwa kwa namna hiyo. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, lililaani kitendo hicho na kusema wanaume wawili walifariki baada ya kuruka kutoka kwenye malori. Miongoni mwa waliochukuliwa walikuwamo watu ambao tayari walikuwa na hadhi ya ukimbizi, na familia zilitenganishwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba njia nyingine ilikuwapo. Tangu 2003 Rwanda, Uganda na UNHCR zilikuwa na makubaliano ya pande tatu kuhusu kurudi kwa hiari. Utaratibu wa hiari una hatua zake, na mojawapo ni ziara ya kwenda kuona na kurudi kueleza: wakimbizi huchagua wenzao, wanakwenda kutazama hali ya nyumbani, kisha wanarudi kuwasimulia wengine walichokiona kwa macho yao. Anayesikia habari kutoka kwa mtu aliyemchagua mwenyewe huamua kwa utulivu. Anayepakiwa kwenye lori huruka.

Mabaraza mawili, meza moja

Kila kijiji cha Uganda kina baraza la mtaa, LC. Nakivale nako wakimbizi wana baraza lao la ustawi lililoigwa kutoka kwenye muundo huo huo. Linaanzia ngazi ya kijiji, linapanda hadi ngazi ya makazi, na wajumbe wake huchaguliwa na wakimbizi wenyewe. Kuna wajumbe wa masuala ya wanawake, vijana na usalama.

Tuchukue mfano wa ugomvi wa kawaida wa Isingiro. Ng'ombe wa mfugaji Mnyankole wanaingia shamba la mahindi la mkimbizi. Mwenye shamba akiwapiga ng'ombe kwa panga, na mwenye ng'ombe akaita ndugu zake, jambo la mahindi linageuka jambo la damu. Mwenyekiti wa wakimbizi peke yake hawezi kulimaliza, maana mfugaji hamtambui. Mwenyekiti wa LC peke yake naye hawezi, maana mkimbizi atasema mwamuzi ni ndugu wa mshtakiwa.

Dawa ni wote wawili kufika shambani, kuhesabu mistari iliyoliwa na kukubaliana fidia mbele ya mashahidi wa pande zote. Ikishindikana, shauri linapanda kwa mkuu wa makazi, ambaye ni ofisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu, au kwa polisi. Likimalizwa shambani, kesho watu wanasalimiana. Likimalizwa mahakamani, huenda wasisalimiane tena.

Tusiwapambe viongozi hao kupita kiasi. Baraza la wakimbizi halina sauti ya mwisho katika mambo mazito kama ardhi. Wajumbe wake hawana mshahara, na asiyelipwa hushawishika haraka. Lugha nayo ni kikwazo: mkutano unaoendeshwa kwa Kiingereza na Kinyankole humwacha mama wa Kikongo akitazama midomo tu. Hapa Kiswahili kimefanya kazi kubwa ambayo haiandikwi katika ripoti. Mkongo, Mrundi na mwenyeji wa Isingiro wanaokosa lugha nyingine hukutana humo.

Ardhi ndiyo jeraha lisilopona. Wanyarwanda walipoondoka 1994, wenyeji wengine waliingia kwenye mashamba yaliyoachwa. Wakimbizi wapya walipofika na kugawiwa maeneo hayo hayo, kila upande ukajiona mwenye haki. Kadiri watu walivyoongezeka, ndivyo vipande vilivyozidi kuwa vidogo. Mkutano mmoja hauwezi kumaliza mgogoro wa namna hii, ila mikutano ya mara kwa mara imeuzuia usigeuke moto kila msimu wa kupanda unapofika.

Serikali iliweka kanuni inayosaidia: sehemu ya misaada ya wakimbizi, inayotajwa kuwa asilimia 30, iwafikie wenyeji. Mwenyeji wa Isingiro anayeona mtoto wake akisoma darasa moja na mtoto wa mkimbizi, na akipata maji katika bomba lile lile, ana sababu ya kumwita jirani. Akiona malori ya misaada yakipita tu mbele ya nyumba yake, atamwita mgeni hadi mwisho.

Jinsi sanduku linavyofanya kazi

Sasa turudi kwenye sanduku letu. Vikundi vya aina hii vilianza Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, vikaenea Afrika nzima. Tanzania wanavijua vya jamaa yake kwa jina la VICOBA.

Watu kati ya 15 na 25 wanaofahamiana hujiunga kwa hiari. Hukutana kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Kila mmoja hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, na kila hisa hupigwa muhuri kwenye kijitabu chake. Asiyejua kusoma huhesabu mihuri. Fedha huhesabiwa na watu wawili mbele ya wote, na kabla ya kufunga sanduku kiasi kilichobaki hutajwa kwa sauti ili kila mwanachama akikariri. Mkutano unaofuata huanza kwa kuulizana: tuliacha shilingi ngapi?

Mwanachama akikopa, hueleza mbele ya wenzake anataka kufanyia nini fedha hizo. Baada ya miezi 9 hadi 12 mzunguko hufungwa, na kila mtu hupata akiba yake pamoja na faida. Kisha uongozi huchaguliwa upya.

Msomaji ataona kwamba hapo hakuna anayeombwa awe malaika. Utaratibu umewekwa kwa kujua kwamba binadamu ana tamaa. Kiongozi mwizi hawezi kuiba peke yake, na kiongozi mwaminifu hawezi kusingiziwa. Siri ya sanduku ni kwamba linawalazimisha watu kukutana na kuzungumza, hata wiki ile ambayo hawataki kuonana.

Kikundi kinapochanganya Mkongo, Mrundi na mwenyeji, funguo tatu zikiwa kwa watu watatu wa asili tofauti, amani yake ni ya uhakika kuliko hotuba kumi.

Kutoka hapo wengine wamepanda ngazi. Nakivale kuna Moban, chama cha akiba na mikopo kilichoanzishwa na wakimbizi wenyewe. Mwaka 2020 taasisi ya fedha ya UGAFODE ilifungua tawi ndani ya makazi, jambo ambalo mabenki yaliliogopa kwa miaka mingi yakisema mkimbizi huondoka na deni. Aliyezoea kulipa mbele ya majirani 20 ana historia ambayo ofisa wa mikopo anaweza kuiamini.

Faida kwa wachuuzi

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza uchumi wa wakimbizi Kampala, Nakivale na Kyangwali walichapisha matokeo yao mwaka 2014. Jijini Kampala waligundua kuwa asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja, na kati ya walioajiriwa humo asilimia 40 walikuwa raia wa Uganda. Makazini nako wafanyabiashara wa Uganda hufuata mahindi na maharage ya wakimbizi, na bidhaa za Mbarara hujaza maduka ya Nakivale.

Kwa mchuuzi wa mpakani, jambo hili lina thamani ya fedha taslimu. Anayetoka Murongo upande wa Kyerwa na kuvuka mto Kagera hadi Kikagati anahitaji mtu wa kumweleza bei ya leo ya Mbarara, mtu wa kumhifadhia mzigo ukinyeshewa, na mtu wa kumdhamini akipungukiwa. Hao hawapatikani kwa kutangatanga. Hupatikana kwenye kikundi.

Kikundi humsaidia pia mbele ya ofisi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, uliozalishwa ndani ya Jumuiya. Mchuuzi asiyekijua hulipa asichopaswa kulipa, au hupita vichochoroni na kunyang'anywa mali. Mmoja wenu akijifunza na kuwaeleza wenzake siku ya mkutano, wote mmeokoka. Kituo cha Mutukula kimekuwa cha ukaguzi wa pamoja tangu kilipozinduliwa rasmi Novemba 2017, lakini jengo zuri halimtetei mtu asiyejua haki yake.

Mipaka pia hufungwa wakubwa wanapokosa kuelewana. Njia ya Gatuna kati ya Uganda na Rwanda ilifungwa Februari 2019, na haikufunguliwa tena moja kwa moja mpaka Januari 31, 2022. Miaka ile mitatu wachuuzi wa Kabale na Kisoro waliona mitaji ikiyeyuka. Mazungumzo ndiyo yaliyoirudisha, wala si mtutu wa bunduki.

Uongozi unapogeuka ngazi

Kuna hatari nyingine, ile ya baraza lililopo lakini limenunuliwa.

Jimboni Kivu Kaskazini, mwishoni mwa miaka ya 1990, wazee wa makabila mbalimbali waliunda baraza la pamoja lililojulikana kama Barza. Walikaa kusuluhisha migogoro ya ardhi na uchifu kabla haijafika kwenye silaha. Kwa miaka kadhaa lilisaidia kutuliza hasira. Kisha wanasiasa wakaliona kuwa ngazi nzuri ya kupandia, wajumbe wakaanza kusemea vyama na wakubwa wao, na kufikia 2005 lilikuwa limevunjika. Wengi wa Wakongo walioko Nakivale wanatoka kwenye jimbo hilo na jirani zake.

Uganda nayo ilipata fundisho lake. Mwanzoni mwa 2018 ziliibuka tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi ilikuwa imeongezwa kwenye vitabu, na maofisa wa serikali wakasimamishwa kazi. Uhakiki wa alama za vidole uliofanyika mwaka huo uliishusha hesabu kutoka takriban milioni 1.4 hadi karibu milioni 1.1. Mwaka huo huo liliundwa jukwaa la wawakilishi wa wakimbizi wa makazi mbalimbali, ili sauti yao ifike kwenye kamati ya kitaifa inayopanga mambo yao. Ni ufunguo mmoja kati ya mitatu, nao ulichelewa sana kutolewa.

Kwa anayerudi nyumbani

Ndugu unayefunga mizigo kurudi Burundi, Rwanda au Kongo, usiache nyuma ulichojifunza huku. Nyumbani huenda ukamkuta mtu amelima shamba lako kwa miaka 10, naye ana watoto waliozaliwa hapo. Panga haitakusaidia.

Burundi kuna bashingantahe, wazee wanaoaminiwa kuamua mashauri. Rwanda kuna abunzi, wasuluhishi waliochaguliwa na majirani na wanaotambuliwa na sheria. Kabla hujakwenda mahakamani, nenda kwao. Chukua na hati zako, na mashahidi wanaoikumbuka mipaka. Ukiwa umewahi kukaa kwenye baraza la wakimbizi au kushika ufunguo wa sanduku, tayari unajua jinsi ya kusikiliza upande wa pili mpaka mwisho.

Fungeni pia hesabu za kikundi kabla ya kuondoka. Mtu anayeondoka usiku na mkopo wa wenzake anaharibu jina la wote watakaobaki, na siku akilazimika kukimbia tena, atakuta mlango umefungwa.

Mtihani wa leo

Mtihani mkubwa zaidi umefika sasa. Mwezi Mei 2025 WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lilisema fedha zimepungua kiasi kwamba karibu wakimbizi milioni 1 nchini Uganda wameondolewa kwenye msaada wa chakula. Mwaka huo huo vita vya Kivu, baada ya Goma na Bukavu kutekwa, viliongeza wanaovuka mpaka. Wanaokula wameongezeka, na chungu kimepungua.

Njaa hulifikia sanduku kabla ya kitu kingine. Mwanachama aliyekopa kununua mbegu atanunua unga, na siku ya kulipa ataona aibu kufika mkutanoni. Wiki ya pili mwenye ufunguo naye hatafika. Hapo ndipo vikundi hufa, hata kama hakuna aliyeiba.

Kiongozi wa kweli ataonekana wakati huo. Atamfuata mwenzake nyumbani bila kumtangaza, ataomba kikundi kimwongezee muda, ataufungua mfuko wa jamii kwa wenye wagonjwa, na atamwendea mwenyekiti wa LC mapema kuulizia kibarua kwenye migomba ya Masha kabla vijana hawajaanza kuingia mashambani usiku. Na mwenyeji mwenye busara atampokea, akijua kwamba jirani mwenye kazi ni salama kuliko jirani mwenye njaa.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vivyo hivyo, ufunguo mmoja haufungui sanduku la Nakivale. Wenye funguo waendelee kufika mkutanoni.